Nimeagizwa niandike salamu za kumkaribisha Katibu Mkuu mpya wa shirika letu la kidini la utetezi. Nisaidieni kabla sijaaibika

#1 KaraniMkimya

Wakuu, habari za humu. Mimi ni wa kusoma na kupita kimyakimya, leo yamenifika.

Nipo sekretarieti ya shirika moja la kidini la kimataifa. Jina na dhehebu nitavimeza, mtanisamehe. Si shirika la misaada, hatugawi mahema wala mablanketi. Kazi yetu ni kutetea watu: waliofungwa kwa sababu ya imani yao, wakimbizi waliokwama mipakani, jamii zilizonyang'anywa ardhi. Tunaandika ripoti, tunahudhuria vikao vya Umoja wa Mataifa, tunagonga milango ya wabunge na mabalozi. Katibu Mkuu wetu ameondoka baada ya miaka 14, mpya anaripoti mwezi ujao. Kikaoni mwenyekiti wa bodi akanigeukia: wewe una kalamu, tuandikie salamu za ukurasa mmoja ziende kwa wanachama wote.

Rasimu hii hapa, msinicheke:

"Kwa furaha isiyo na kifani, familia nzima ya shirika letu inakukaribisha kwa mikono miwili, Katibu Mkuu wetu mpendwa. Tunaamini Mungu amekuinua kwa wakati kama huu. Uzoefu wako mpana, hekima yako na moyo wako wa utumishi vitalipeleka shirika kwenye viwango vya juu zaidi. Tunakuahidi ushirikiano wa dhati na tunakuombea afya njema na maono mapya."

Inaendelea hivyohivyo aya nne. Nimeisoma mara tatu, kosa sijaliona, ila kila nikiisoma nasinzia. Mliowahi kupitia taasisi hizi, huwa mnaweka nini humo ndani?

#2 MtoroWaKikao

Nimevuta kiti mbele kabisa.

Mkuu, hiyo barua ukiitoa neno Mungu unampokelea meneja wa tawi la benki.

#3 BibiDawati

Mwanangu Karani, rasimu yako haina ubaya. Tatizo lake haina habari. Huyo mgeni akimaliza kuisoma atakuwa anajua kwamba mmefurahi, basi.

Nimekaa sekretarieti ya shirika la namna hiyo miaka 22 na nimewapokea makatibu wakuu wanne. Watatu waliimbiwa, wakapigwa picha ya pamoja kwenye ngazi. Aliyepokelewa vizuri kuliko wote ni yule wa nne ambaye hatukuwa na hata hotuba ya kumsomea, maana mtangulizi wake aliugua ghafla na mambo yakaenda mbiombio. Tulimkalisha chumbani siku tatu, mlango umefungwa, watu wa madawati, yaani maofisa wanaofuatilia kesi za nchi mbalimbali, wakiingia mmojammoja. Kila mmoja akaja na watu wake. Huyu mfungwa usimtaje popote. Huyu mtaje kila ukishika kipaza sauti. Huyu tulimwahidi jibu mwaka jana na hatujamjibu. Huyu balozi anatusaidia chinichini, ukikutana naye mbele ya watu jifanye humjui.

Wa tatu sasa. Huyo alikuja na shangwe zote unazozijua. Wiki ya pili tu akakaa na mwandishi wa habari, mahojiano mazuri, ameongea kwa uchungu na kwa ufasaha. Katikati akataja jina la kijana mmoja aliyekuwa gerezani, ili kuonyesha uzito wa jambo. Mama wa yule kijana alikuwa ametuomba, kwa simu, tena akilia, kwamba mwanawe asitajwe, kwa sababu kulikuwa na mazungumzo ya pembeni yanaendelea. Ombi lile alilipokea ofisa mmoja wa dawati, naye alikuwa likizo ya uzazi. Kwenye faili la makabidhiano kulikuwa na ukaguzi wa hesabu wa miaka mitano, orodha ya magari, nakala ya mpango mkakati. Ombi la mama halikuwemo. Mazungumzo yalikatika, na mama akazuiwa kumtembelea mwanawe kwa miezi 7.

Kiongozi yule hakuwa mropokaji. Hakuambiwa. Sisi tulikuwa na mwezi mzima wa kumwambia, tukautumia kuchagua rangi ya mapambo ya ukumbi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika salamu, na zilifanana na zako sana, hata hiyo "isiyo na kifani" ilikuwemo.

Kwa hiyo swali lako la "mnaweka nini ndani" mimi nalijibu hivi: weka anachokirithi. Nani anamsubiri. Nini kimeahidiwa. Siri hutaziweka kwenye barua inayokwenda kwa wanachama wote, hizo zina chumba chake. Ila barua inaweza kumwambia wazi kwamba chumba hicho kipo na ameshatengewa siku.

#4 DadaItifaki

Shikamoo Bibi Dawati. Hapo kwenye rangi ya mapambo umenigusa, nimewahi kukaa kikao cha saa mbili tukibishana viti vivishwe vitambaa au visivishwe.

#5 HojaNzito

Naunga mkono hoja ya Bibi na naiongezea nyama.

Watu wengi hawajui kwamba mashirika haya huingia Umoja wa Mataifa kwa kibali, kinaitwa hadhi ya ushauri, na kibali kinaweza kuondoka. Kifungu cha 71 cha Katiba ya Umoja wa Mataifa kinaruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali. Utaratibu wake umo kwenye azimio la mwaka 1996, namba 31. Maombi yanapita kwanza kwenye kamati ya nchi 19, na kila miaka 4 shirika lenye hadhi ya juu linatakiwa kupeleka ripoti ya kazi zake. Kamati hiyo ina wanachama ambao wenyewe ni walengwa wa ripoti za mashirika hayohayo, kwa hiyo usitegemee huruma. Shirika la Christian Solidarity Worldwide lilikataliwa na kamati mapema mwaka 2017, ikabidi Baraza lenyewe lipige kura Aprili mwaka huohuo kuwapa hadhi.

Ukitaka kuona maneno yanavyogharimu, mfano ni Christian Solidarity International. Hawa ni wengine, msiwachanganye na wale wa juu, majina tu yanafanana. Machi 1999 kule Geneva, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya wakati ule, walitumia nafasi yao ya kuzungumza kumpa kipaza sauti John Garang, kiongozi wa waasi wa SPLA. Serikali ya Sudan ikalalamika, na kabla mwaka haujaisha shirika lilikuwa limenyang'anywa hadhi yake. Unaweza kusema walikuwa na haki kimaadili, mimi sibishi. Lakini beji ya kuingilia vikaoni ilikwenda, na iliondoka na watu wote waliokuwa wakisemewa kupitia beji ile.

Sasa mlete kiongozi aliyezoea kuhubiri mimbarani, ambako neno likishatoka waumini wanasema amina. Asipoambiwa siku ya kwanza kwamba kuna chumba ambamo kila sentensi inaandikwa na mwanadiplomasia anayetafuta kasoro, ataambiwa lini?

#6 KaraniMkimya

Bibi, shikamoo na asante. Nimekaa nikiitazama rasimu yangu kama mtu mwingine ndiye aliyeiandika.

HojaNzito, hilo la ripoti ya kila miaka 4 nimeenda kuuliza ofisini. Yetu inatakiwa mwaka huu na hakuna aliyeianza. Kila mtu alidhani iko kwa Katibu Mkuu aliyeondoka.

#7 BibiDawati

Marahaba. Hiyo ripoti iingie kwenye barua, hata kwa sentensi moja. Umeona faida ya kuuliza?

#8 MlinziWaZamu

Mnanishangaza kidogo. Taasisi ya dini kazi yake ni sala na matendo ya huruma. Hayo ya kamati za nchi 19 na mabalozi ni siasa, na siasa imezigawa taasisi hizi mara ngapi? Baraza la Makanisa Duniani lilianzisha programu ya kupambana na ubaguzi wa rangi mwaka 1969, mwaka uliofuata likaanza kutoa fedha kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mwaka 1978 likatoa dola 85,000 kwa Patriotic Front, muungano wa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Jeshi la Wokovu likasimamisha uanachama wake mwaka huohuo, na 1981 likajitoa moja kwa moja. Mimi ningekuwa mwandishi wa salamu ningeweka mstari mmoja: rudi kwenye sala.

#9 HojaNzito

Mlinzi, ukweli wako nausaini, hitimisho lako nalirudisha.

Fedha zile zilikuwa za kazi za kibinadamu, na walizitoa bila kudai ripoti ya matumizi. Hapo ndipo kelele zilipotokea, na hoja ya waliolalamika ilikuwa na mantiki yake. Lakini angalia tarehe ukiwa na mada yetu mkononi. Programu ilianzishwa wakati Katibu Mkuu ni Eugene Carson Blake, Mmarekani. Philip Potter, mtu wa Dominica, alikaa kwenye kiti 1972. Dhoruba kubwa ya 1978 ikamkuta yeye. Alirithi ugomvi ambao hakuuanzisha, akauchukua kama wake na akausimamia hadi alipoondoka 1984. Ndiyo maana nasema mgeni aambiwe ugomvi upi upo ndani ya nyumba. Ama autetee, ama auzime, lakini ajue upo.

Na usitenganishe sana sala na siasa. Kifungu cha 18 cha Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kile cha uhuru wa dini na dhamiri, kina jasho la watu wa dini. Frederick Nolde, mchungaji wa Kilutheri, alikuwa pale kwa niaba ya tume ya makanisa ya mambo ya kimataifa akiwashawishi wajumbe. Hakuna aliyemwambia rudi kwenye sala.

#10 MlinziWaZamu

Walimwambia, sema hakusikia.

#11 MtoroWaKikao

😂😂 Mlinzi leo yuko vizuri.

#12 DadaItifaki

Mimi nirudi kwa huyu wa miaka 14, maana hapo ndipo pabaya. Karani, hujatuambia aliyeondoka amekwenda wapi.

Nauliza kwa sababu nimeona salamu nyingi za kumkaribisha mpya ambazo robo tatu yake ni sifa za mzee anayeondoka. Mgeni anakaa mbele ya watu anasikiliza nusu saa jinsi kiatu kilivyo kikubwa. Kisha anaingia ofisini anakuta mzee amepewa cheo cha mshauri mwandamizi, chumba cha pili mlango wa kushoto, na wafadhili bado wanampigia yeye.

Kwenye haya mashirika kuna kukabidhiana kwa aina nyingi. Baraza la Makanisa Duniani, Katibu Mkuu wao Tveit alipoondoka 2020, mkutano wa kumchagua mrithi ulikwamishwa na korona. Padre Ioan Sauca akakaimu mpaka mwisho wa 2022, karibu miaka mitatu, tena akabeba na mkutano mkuu wa Karlsruhe. Jerry Pillay wa Afrika Kusini alichaguliwa Juni 2022 akaanza kazi Januari 2023. Ina maana alikuwa na nusu mwaka wa kukaa pembeni akitazama mkutano mkuu unavyokwenda, kabla hajakamata usukani. Kwangu hiyo ni karamu ya makaribisho kuliko keki.

Halafu kuna Caritas Internationalis, mtandao wa mashirika ya misaada ya Kanisa Katoliki. Novemba 2022 Papa Francis aliuondoa uongozi wote wa juu kwa amri moja, akaweka msimamizi wa muda. Ukaguzi haukukuta wizi wala makosa ya kingono. Ulikuta mapungufu ya uongozi na wafanyakazi waliovunjika moyo. Mei 2023 wakamchagua Alistair Dutton kuwa Katibu Mkuu. Jiulize huyo unamwandikia salamu gani. "Tunakuahidi ushirikiano wa dhati" mbele ya wafanyakazi waliochoka kiasi hicho? Pale mgeni anahitaji kusikia kwamba mmeumia na nini kiliwaumiza.

#13 KaraniMkimya

Dada Itifaki, umejuaje? Amepewa ushauri mwandamizi. Mlango wa kulia lakini.

#14 DadaItifaki

Bora wa kulia.

#15 IbnuSabili

Assalamu alaikum wanajamvi. Mimi natoka upande wa mashirika ya Kiislamu, lakini ugonjwa ni uleule.

Kwetu kuna kumbukumbu ya hotuba ya Abubakar Sidiki alipokabidhiwa uongozi baada ya Mtume kufariki. Maana yake kwa ufupi: nimepewa kuwaongoza na mimi si mbora wenu, nikifanya vema nisaidieni, nikikosea ninyoosheni. Tunaisimulia sana. Lakini tazama vizuri, ile ni ahadi anayoidai kutoka kwa wanaompokea. Hakuwaomba wamshangilie. Sasa sisi tukikaribisha kiongozi tunaiweka hotuba ile kwenye kipeperushi, kisha hatuweki njia yoyote ya kumnyoosha. Ofisa mdogo aliyeona kosa atamfikiaje? Kupitia kwa katibu muhtasi, ambaye atamwambia andika barua, ambayo itajibiwa na mshauri mwandamizi wa mlango wa kulia.

Karani, kama barua yako inaweza kusema "tutakuambia ukweli", basi iseme pia kwa njia gani. Bila hivyo usiandike kabisa.

#16 MtoroWaKikao

Swali la kizushi. Hivi "advocacy" mnaiitaje nyie? Ofisi yetu wanasema uchechemuzi, kila nikilisikia namwona mtu anachechemea.

#17 BibiDawati

Haha. Sisi tulianza na utetezi, wakaja washauri wakaleta uchechemuzi, wengine uraghibishi, wengine ushawishi. Hayalingani. Ushawishi unamwendea mwenye madaraka. Uraghibishi unawaamsha wenye shida wasimame wenyewe. Utetezi ni kumsimamia mtu. Uchechemuzi naona lilibuniwa libebe yote kwa pamoja, likabeba, ila mama wa kijijini ukimwambia "tumekuja kufanya uchechemuzi" atakuuliza mguu umekuuma lini.

Kwenye barua ya Karani mimi ningeacha utetezi. Mgeni ajue anakuja kumsimamia mtu.

#18 HojaNzito

Bibi, nakubali, ila nikupinge kwenye jambo la majina. Unaweza ukamfanya kiongozi mpya awe mwoga. Kuna wafungwa ambao kutajwa ndiyo ngao yao pekee, na anayewafunga anaomba usiku na mchana wasahaulike. Ukimfungia mgeni chumbani siku tatu ukamwambia usimtaje huyu, usimtaje yule, atatoka hapo akitoa hotuba za "tunaguswa na hali ya waamini wote duniani". Hotuba hizo hazijawahi kumtoa mtu gerezani.

#19 BibiDawati

Ni kweli, na nimeona pia hilo. Wa kwanza wangu alikuwa hivyo, miaka sita hakumtaja mtu, na nchi zote zilimpenda.

Ndiyo maana nilisema kila ofisa aje na watu wake, aseme huyu ndiyo na huyu hapana, na kwa nini. Mwenye neno la mwisho ni mfungwa mwenyewe au familia yake. Ofisi haina neno hilo. Na jibu linabadilika: familia iliyosema nyamazeni mwezi wa pili inaweza kusema pigeni kelele mwezi wa nane, mazungumzo yakishavunjika. Kwa hiyo orodha ile haikabidhiwi mara moja ikaisha. Yule wa nne tulimwekea utaratibu, kabla ya kila safari na kila mahojiano anapewa karatasi moja, ina majina ya kutaja na ya kutotaja, yenye tarehe ya mara ya mwisho tuliyozungumza na familia. Ikiwa tarehe imepita miezi mitatu, hataji mpaka tupige simu.

Karatasi moja tu. Ingekuwepo miaka ile, yule mama angemwona mwanawe.

#20 SautiYaTatu

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa hela. Mimi ni mhasibu mtaniwia radhi.

Kiongozi mpya wa utetezi anakuta fedha za aina mbili. Zilizofungwa, ambazo mfadhili amesema hizi ni za mradi fulani, nchi fulani, hadi tarehe fulani. Na zilizo huru. Miradi ya utetezi haipendwi sana na wafadhili kwa sababu matokeo yake hayapigiki picha, huwezi kupiga picha sheria mbaya ambayo haikupitishwa. Kwa hiyo zilizo huru huwa chache, na mara nyingi zinatoka kwa waumini wa kawaida wanaochangia kidogokidogo kwa sababu walimwamini aliyetangulia. Hao wakiona jina jipya kwenye barua wanasita. Salamu zako, Karani, wao ndio wataisoma kwa makini kuliko bodi. Waambie mgeni ni nani kwa maneno wanayoelewa, alikuwa anafanya nini jana. Hizi "uzoefu mpana" hazimwambii mtu chochote.

Pia aambiwe mapema kabisa kama kuna mfadhili ambaye mkataba wake una kifungu cha kubadilika kwa kiongozi. Nimewahi kuona shirika limegundua kifungu hicho siku ya 40.

#21 MtoroWaKikao

Kwani mgeni ni mwanamke au mwanaume?

#22 KaraniMkimya

Mwanamke, wa kwanza kwetu. Na si mchungaji, ni mwanasheria. Nimeshaambiwa na wajumbe wawili nisisitize hilo la "wa kwanza" kwenye aya ya kwanza.

#23 DadaItifaki

Usisitize. Liseme mara moja, likae kwenye sentensi yenye jambo lingine. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipompata Katibu Mkuu Anne Burghardt wa Estonia, aliyeanza Novemba 2021, magazeti yote yalikuwa "mwanamke wa kwanza, mwanamke wa kwanza". Sawa, kwa taasisi ya tangu 1947 ni habari. Lakini mwanatheolojia yule alikuwa na kazi zake za miaka mingi, zilisomwa na wachache.

Na kwa wanaopenda "wa kwanza", fungamano hilohilo lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake 1977, mkutano ukiwa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ule ule ndio uliotamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala linalogusa imani yenyewe, si siasa ya pembeni. Na 1984, Kibira akimaliza muda wake, mkutano wa Budapest ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika. Mimi hicho ndicho ninachokikumbuka juu ya miaka yake.

#24 MlinziWaZamu

Mwanasheria! Basi angalau mfanyieni ibada ya kumweka wakfu.

#25 IbnuSabili

Ifanyike, ila waulizwe wafanyakazi wasio wa dhehebu hilo. Mashirika mengi ya kidini yameajiri watu wa imani nyingine kwenye madawati ya nchi. Nimewahi kuwa mmoja wao. Siku ya kumsimika bosi nilikaa nje ukumbini nikilinda mabegi ya wenzangu, si kwa ubaya wa mtu, hakuna aliyefikiria tu.

#26 KaraniMkimya

Wakuu, rasimu ya pili. Nimeondoa majina.

"Karibu. Wiki yako ya kwanza hatujaweka hafla yoyote. Siku tatu za mwanzo utakaa na maofisa wa madawati, mmoja mmoja, nao watakueleza watu tunaowasimamia na jinsi kila mmoja alivyotuomba tumsemee au tumnyamazie.

Unatoka mahakamani, ambako kwa miaka 19 umewatetea waomba hifadhi, na wewe ni mwanamke wa kwanza kushika kazi hii kwetu. Wanachama wetu wanaochangia kidogo kila mwezi tumewaandikia hivyo, kwa sababu ndio waajiri wako wa kweli.

Unakuta mambo ambayo hatukuyamaliza. Ripoti yetu ya miaka 4 kwa Umoja wa Mataifa haijaanzwa. Kuna familia 3 tuliziahidi majibu na hatujawajibu. Kuna mgogoro kati ya ofisi kuu na wanachama wa kanda moja, wao wanaona tunawasemea bila kuwauliza, na wana hoja.

Mtangulizi wako ametumikia miaka 14. Tutamuaga kwa sherehe yake mwenyewe, siku nyingine. Ushauri wake utaupata utakapouomba.

Kila Alhamisi saa 4 asubuhi mlango wako utakuwa wazi kwa mfanyakazi yeyote, bila kupitia kwa mtu. Tumeshaiandika kwenye ratiba yako, tusamehe kwa kukutangulia.

Tutakuwa tunasali asubuhi kabla ya kazi kama kawaida yetu. Asiyesali nasi hatalinda mabegi."

#27 MtoroWaKikao

Nimesimama kukusalimia mkuu.

#28 SautiYaTatu

"Waajiri wako wa kweli" bodi hawataipenda. Mimi nimeipenda.

#29 HojaNzito

Nzuri. Hizo familia 3 ziondoe kwenye barua inayosambazwa, mtu akijua nchi mnazofanya kazi anaweza kuhesabu. Andika "tuna ahadi ambazo hatujatimiza", namba ampe mtu wa dawati.

#30 BibiDawati

HojaNzito yuko sahihi, ondoa hiyo. Na "wana hoja" iache hapohapo ilipo, usikubali waifute.

#31 KaraniMkimya

Mrejesho. Kikao cha bodi kimekwisha muda si mrefu.

Siku tatu za madawati zimepita bila swali, mwenyekiti ameagiza hata ziwe nne. Karatasi ya Bibi imepita, kuanzia safari ya kwanza. Ripoti ya miaka 4 nimepewa mimi niianze kesho, ndiyo malipo ya kuuliza. Familia nimeziondoa. "Waajiri wako wa kweli" imefutwa. "Wana hoja" imebishaniwa dakika 20 ikageuzwa kuwa "wameeleza hisia zao". Bibi, nilijaribu. Mlango wa Alhamisi umebaki, isipokuwa mshauri mwandamizi amependekeza naye awepo chumbani.

#32 DadaItifaki

Ukumbi je, viti vinavishwa vitambaa?

#33 KaraniMkimya

Vinavishwa. Rangi ya dhahabu.